Kutoka Ndegeni hadi Botini: Ukodi Teksi au Uchangie Gari?

Msafiri wa Mwanhuzi, wilayani Meatu mkoani Simiyu, anayekwenda Unguja kwa ndege huvuka nchi karibu nzima bila kuumiza kichwa sana. Tiketi ya basi la Mwanza anaikata stendi, ya ndege anailipia kwa simu, ya boti vilevile. Kinachomsumbua ni kipande kifupi kuliko vyote: takriban kilomita 12 kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere hadi gati la boti za Zanzibar lililo Sokoine Drive, Dar es Salaam. Hapo hakuna aliyempangia kitu. Akitoka mlangoni na begi, madereva wa teksi wanamwita, simu inamwonyesha bei nyingine, jamaa mwenye kibao cha hoteli anasubiri wageni wake, na barabarani daladala la Gongo la Mboto linapita kwa nauli ya mamia ya shilingi tu.

Akodi teksi peke yake, au achangie gari na wengine? Wengi hulijibu swali hili kwa kutazama bei, kisha hujuta kwa sababu ya muda. Naliona tofauti. Gari linalofaa huamuliwa na saa ya boti. Ukiijua saa hiyo na kuhesabu kurudi nyuma hadi Mwanza, hata hadi Meatu kwenyewe, uchaguzi wa gari hujitokeza wenyewe, na bei hubaki kuwa jambo la mwisho.

Unachokinunua hasa

Mtu wa Meatu anaijua hesabu hii kuliko anavyodhani. Gari dogo la abiria linalotoka Mwanhuzi kwenda Bariadi kupitia Mwandoya na Kisesa, au kwenda Maswa kupitia Lalago, huondoka likijaa. Aliyewahi kupanda mchomoko anajua maana yake: umekaa, begi limefungwa, dereva anazunguka kutafuta abiria wawili waliobaki, na jua linapanda. Mwenye haraka, kwa mfano anayemsindikiza mgonjwa, hulipia viti vilivyobaki na gari likaondoka hapo hapo.

Kulipia viti vilivyobaki ndiko kukodi. Anayekodi teksi uwanja wa ndege ananunua kiti chake, pamoja na viti vitatu ambavyo havitakaliwa, ili asimsubiri mtu na asipitishwe kwenye vituo vya watu wengine. Anayechangia gari anapunguziwa bei kwa sababu amekubali kusubiri na kuzungushwa. Kwa hiyo tofauti ya bei kati ya magari hayo mawili ni bei ya kungoja. Swali la kujiuliza ni kama huo muda wa kungoja unao.

Hesabu ya kurudi nyuma

Boti za mwendo kasi kati ya Dar es Salaam na Unguja, za Azam Marine na za Zan Fast Ferries, huondoka mara kadhaa kwa siku. Ya kwanza hung'oa nanga asubuhi mapema, na ya mwisho alasiri, kuelekea saa 10. Safari yenyewe ni ya saa mbili hivi. Ratiba hubadilika, hivyo kila msafiri aitazame siku anayokata tiketi. Lakini sura yake haibadiliki: ukikosa boti ya asubuhi kuna ya mchana, ukikosa ya mwisho umelala Dar es Salaam. Hapo utalipa chumba, chakula cha usiku, gari la kwenda kulala na la kurudi kesho yake, na pengine tiketi mpya. Hizo ndizo gharama za kuweka kwenye mizani unapoona teksi ni ghali.

Tuchukue mfano wa boti inayoondoka saa 10:00 alasiri. Ufike gatini saa nzima kabla, maana kuna kitambulisho cha kuonyesha, mizigo ya kukaguliwa na foleni ya kuingia; hiyo ni saa 9:00. Barabara ikiwa nyeupe, kutoka uwanja wa ndege hadi bandarini hata nusu saa yatosha. Lakini Dar es Salaam haipangiwi kwa barabara nyeupe, basi tuiwekee saa moja na nusu. Tumefika saa 7:30 mchana. Kushuka kwenye ndege, kungoja begi na kutoka nje, tuweke dakika 45, saa 6:45. Ndege ikichelewa, tuiachie saa mbili. Saa 4:45 asubuhi. Safari ya Mwanza hadi Dar es Salaam ni kama saa moja na nusu angani, kwa hiyo iwe imeruka saa 3:15 asubuhi. Na abiria awe ameshafika uwanja wa Mwanza, kule Ilemela, saa 1:45 asubuhi.

Hesabu hiyo inasema jambo ambalo hakuna teksi ya Dar es Salaam inayoweza kulirekebisha: anayetaka kulala Unguja siku hiyo hiyo hawezi kuondoka Mwanhuzi asubuhi yake. Lazima awe amelala Mwanza. Sehemu ya njia ya kutoka Meatu ni ya vumbi, na masika huiharibu. Kisha kuna lami ya kutoka Bariadi hadi Lamadi, halafu Barabara ya Musoma kupitia Magu. Abiria anayefika Mwanza jioni, akalala, na kuwahi ndege ya asubuhi, huingia Dar es Salaam akiwa na akiba ya saa. Mwenye akiba ana ruhusa ya kuchagua gari la bei nafuu. Aliyekuja na ndege ya mchana, akibanwa na boti ya mwisho, uchaguzi huo alishaupoteza siku aliyokata tiketi ya ndege.

Barabara ya Nyerere ilivyo

Uwanja wa ndege uko kando ya Barabara ya Nyerere, njia kubwa inayowaleta mjini wakazi wa Ukonga, Gongo la Mboto, Pugu na Chanika. Asubuhi umati huo unaelekea mjini, na msafiri wa boti anaelekea huko huko, hivyo anaingia katikati ya foleni yao. Jioni wanarudi nyumbani, na upande wa kuingia mjini hupata nafuu. Aliyetua saa 2 asubuhi kwa hiyo ajiwekee muda mrefu zaidi wa barabarani kuliko aliyetua saa 7 mchana, ingawa kilomita ni zile zile.

Kuna mahali pawili pa kuangalia. Pa kwanza ni Tazara, Barabara ya Nyerere inapokutana na Barabara ya Mandela. Palikuwa maarufu kwa foleni mpaka Daraja la Mfugale lilipofunguliwa Septemba 2018, na magari ya Barabara ya Nyerere yakapata njia ya juu. Pa pili ni Kamata na Gerezani, ambapo magari ya uwanja wa ndege hukutana na shughuli zote za Kariakoo. Teksi ikikwama Kamata, dereva mzoefu anaweza kukata njia nyingine hadi Sokoine Drive. Daladala haina ruhusa hiyo, kwa kuwa inafuata njia iliyosajiliwa na vituo vyake. Gari la kuchangia lina ruhusa, ila kama kuna abiria wa kushusha Posta au Upanga kabla yako, nawe unapitishwa huko.

Gari moja moja

Teksi ya uwanjani iko mlangoni. Dereva analijua jengo, analijua gati, na hahitaji kupigiwa simu. Bei yake ni ya gari zima na hupangwa kwa maelewano, kwa hiyo elewaneni kabla begi halijaingia kwenye buti: bei ni ya gari, si ya kichwa, na ada ya maegesho imo ndani. Anayekubali kwa kichwa tu, bila kutaja shilingi, anajitafutia ugomvi bandarini akiwa na dakika chache mkononi.

Teksi mtandao mara nyingi ni nafuu zaidi, na bei unaiona kabla. Uber iliingia Dar es Salaam mwaka 2016, na baadaye zikaja Bolt na nyingine. Lakini abiria wengi hushangaa dereva anapokubali ombi, kisha anapiga simu kuuliza unakwenda wapi na unalipa kwa njia gani, halafu anafuta safari. Ubaya wa mtu ni sehemu ndogo ya jambo hilo. Sehemu kubwa ni mgawo wa pesa. Kampuni hukata asilimia katika kila nauli, na dereva akitoa mafuta na ada ya maegesho huona safari fulani haimlipi. Mvutano huo ulifika hadi serikalini: Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ilipoweka ukomo wa asilimia 15 mwaka 2022, Uber ilisimamisha huduma zake nchini Aprili mwaka huo, ikarejea Januari 2023 baada ya ukomo kupandishwa. Abiria ajue hilo ili asiitegemee simu peke yake. Omba gari ukiwa bado unangoja begi. Dereva wa pili akifuta safari, acha simu uende kwa teksi ya mlangoni.

Jambo lingine la teksi mtandao ni jengo. Ndege nyingi za ndani hutumia Jengo la Pili, na Jengo la Tatu, lililofunguliwa Agosti 2019, hupokea ndege za kimataifa. Majengo hayo hayako mahali pamoja. Dereva akikungoja kwenye jengo la pili huku wewe umesimama la tatu, mnapoteza dakika ambazo mlidhani mmeziokoa. Mtajie jengo kwa namba.

Bajaji inamfaa mtu mmoja mwenye begi la mgongoni, mchana, siku isiyo ya mvua. Mwenye sanduku kubwa aiache.

Gari la kuchangia, la hoteli au la kampuni zinazopokea wageni, ndilo linalohitaji maswali mengi. Muulize anayekuuzia mambo matatu. Linaondoka saa ngapi, au linasubiri ndege nyingine? Kuna vituo vingapi kabla ya bandari? Ndege yangu ikichelewa, kiti changu kitaningoja au kitapotea? Akijibu yote kwa uhakika, gari hilo ni zuri. Akisema tutaangalia, ujue unanunua mchomoko wenye kiyoyozi.

Daladala ndiyo gari la kuchangia la wananchi, na isidharauliwe. Magari ya Gongo la Mboto yanayoingia mjini hupita karibu na uwanja, na yale ya Posta au Stesheni humwacha abiria umbali wa kutembea hadi gatini. Kwa kijana mwenye begi dogo na saa nyingi mkononi, hakuna sababu ya kulipa mara kadhaa zaidi. Kwa mama mwenye mtoto mgongoni na magunia mawili ya zawadi kutoka Meatu, asubuhi ambayo abiria wananing'inia mlangoni, haifai hata ikiwa bure.

Gawanya kwa vichwa

Sasa ndipo bei iingie. Tuseme teksi ni shilingi 40,000 kwa gari zima, na kiti cha gari la kuchangia ni shilingi 15,000. Takwimu hizi ni za mfano, weka za siku yako. Mtu mmoja akichangia anaokoa 25,000. Wawili wanaokoa 10,000 tu kwa wote. Watatu wanalipa 45,000 kwenye gari la kuchangia, yaani wanalipa zaidi ya teksi na bado wanangoja. Kuanzia watu watatu, teksi inashinda kwa bei na kwa muda.

Familia ya watu wanne kwa hiyo isihangaike. Ila itazame buti. Magari mengi ya teksi mtandao ni madogo kama Toyota IST, na masanduku makubwa mawili hujaza nyuma yote. Wakilazimika kuchukua magari mawili, hesabu inageuka. Kwa kundi kubwa, kwa mfano kwaya au walimu wanaokwenda semina, njia bora ni kukodi Hiace au Coaster nzima mapema. Hapo mnachangiana gharama ninyi kwa ninyi na ratiba ni yenu.

Usiku una kanuni yake. Anayetua giza limeingia hana boti ya kuwahi, maana za abiria zimeshaondoka. Haraka haipo tena, usalama ndio wa kuangaliwa. Achukue gari linalojulikana, la hoteli atakayolala au teksi iliyosajiliwa, na alale karibu na bandari ili asubuhi atembee dakika chache.

Vyovyote utakavyosafiri, mtajie dereva mahali kamili: boti za Zanzibar, Sokoine Drive. Ukisema Feri, unaweza kupelekwa Magogoni, kwenye kivuko cha Kigamboni na soko la samaki. Ni ufukwe ule ule, lakini kwa mwenye mizigo na dakika 20, kutoka pale hadi gati la boti ni mbali.

Bandari nyingine zinathibitisha

Geuza safari uone. Abiria anayetua Mwanza mchana akielekea Bukoba kwa MV Victoria, ile meli ya mwaka 1961 iliyorudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa, ana kama kilomita 10 kutoka uwanja hadi mjini. Karibu sawa na Dar es Salaam. Lakini meli ile husafiri usiku na kufika Bukoba asubuhi. Abiria huyo ana alasiri nzima. Kukodi teksi peke yake ni kulipia muda ambao hana la kuufanyia, na daladala inamtosha kabisa. Umbali ni ule ule, jibu ni jingine, na kilichobadilika ni saa ya chombo.

Umbali nao una sauti yake, na mifano iko nje ya nchi. Miami, Marekani, uwanja wa ndege uko kama kilomita 13 kutoka bandari ya meli kubwa za watalii, na watu wawili au watatu huona teksi inawalipa. Roma ni tofauti: bandari yake ya Civitavecchia iko zaidi ya kilomita 60 kutoka uwanja wa Fiumicino, teksi inakuwa mzigo, na basi la kuchangia au treni ndilo chaguo la wengi. Umbali ukirefuka, kuchangia kunapata nguvu. Ukifupika, teksi inapata nguvu. Kilomita 12 za Dar es Salaam ziko upande wa fupi.

Na kuna anayefaa asifike bandarini kabisa. Ndege ndogo huruka kutoka uwanja ule ule hadi Unguja kwa dakika 20 hivi. Mgonjwa, mzee asiyeweza kupanda ngazi za boti, au mtu ambaye teksi, boti na usiku mmoja wa hoteli vitamgharimu sawa na tiketi ya ndege, aulize bei hiyo kabla ya kutoka nje.

Kilomita zisizo na mwenyewe

Lawama haistahili kumwangukia abiria peke yake. Uwanja wa ndege uko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, gati liko chini ya mamlaka za bandari, magari yako chini ya LATRA. Kila mmoja analinda lango lake, na barabara iliyo katikati haina mwenyewe. Basi la umma linalofuata saa za ndege na saa za boti, lenye nafasi ya mizigo na nauli iliyobandikwa ukutani, lingemwondolea mgeni wa Simiyu hofu yote niliyoieleza. Mradi wa mwendokasi wa awamu ya tatu umechorwa kupita Barabara ya Nyerere, kutoka Gongo la Mboto hadi katikati ya jiji, na mabasi ya awamu ya kwanza yanafika Kivukoni tangu mwaka 2016. Wanaopanga njia hizo wauhesabu na uwanja wa ndege kama kituo cha wasafiri wenye masanduku, waweke kituo karibu na boti, na wabandike ratiba pale begi linapochukuliwa. Ni kazi ndogo ukilinganisha na madaraja yaliyokwisha kujengwa.

Mpaka hapo, msomaji, shika kanuni hii. Ukisimama nje ya mlango wa uwanja na begi mkononi, tazama saa. Zikibaki zaidi ya saa nne kabla ya boti, panda gari la bei unayoiweza, hata daladala. Zikibaki kati ya saa mbili na nusu na saa nne, changia gari iwapo tu linaondoka sasa hivi. La sivyo kodi. Zikiwa chini ya saa mbili na nusu, kodi teksi bila kubishana kwa shilingi elfu mbili. Na zikiwa chini ya saa moja, ipigie simu kwanza kampuni ya boti uulize kama tiketi inahamishika, maana hakuna dereva unayeweza kumlipa aiondoe foleni ya Kamata.